Nusu ya Mtandio wa Mama

Kwihara, Tabora
Jumatatu, 18 Novemba

Dada yangu Lamya,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto na wajukuu, na kwamba lile goti limekupa nafasi sasa joto la huko Maskati limeanza kupungua. Mimi mwilini sijambo, alhamdulillah, ila jino moja la nyuma linanipigia ngoma kila nikinywa cha baridi. Mvua za kwanza zimenyesha wiki hii, vumbi limelala. Nyumba ya mjini iko salama. Nilipita Ijumaa baada ya swala nikafungua madirisha, nikakuta popo wamehamia darini. Nimewaacha, angalau kuna wanaokaa.

Barua hii nampa Afrah wa ami Ridhaa, aliyekuja huku arusini, anarudi huko Alhamisi. Utashangaa mtu mwenye simu anaandika barua kama enzi za baba. Sababu unaijua. Kila ukinipigia unaniweka kwenye spika, nasikia vijiko, nasikia watoto wako wote wakiniamkia kwa zamu, na wewe mwenyewe huishi kunikatiza. Haya si maneno ya spika. Isome ukiwa peke yako, na kwa mara moja katika maisha yako uniache nimalize.

Mara ya mwisho uliponipigia uliniambia tiketi iko tayari, niseme tarehe tu. Halafu ukaniuliza, mbele ya watu wote hao, Badar, kwani una nani huko? Nikacheka nikasema nina wateja. Nikakata simu nikisingizia chaji. Lakini swali lile limenikaa kooni mpaka leo. Nilikuwa na mtu mmoja, dada. Na mtu huyo nimemtenda vibaya, na ndiyo maana nakuandikia.

Unajua kwamba tangu mke wangu Mwanajuma alipofariki nilishindwa kukaa kwenye ile baraza ya mjini. Kila aliyepita alinipa pole, na pole zilipokwisha hakuna aliyepita. Nikachukua pampu, beseni na sanduku la spana za baba, nikapanga chumba huku Kwihara, nikaweka kigoda kando ya barabara, pale njia ya kwenda kwenye tembe la Livingstone inapochepuka. Kazi ipo, siwezi kulalamika. Baiskeli za mkaa, za tumbaku, za madumu ya maji, zote zinapita kwangu, na kiangazi miiba ya migunga haina huruma na mtu. Lakini mteja wa siku hizi hakai. Anaitupa baiskeli, anasema nakuja, anaondoka na simu sikioni. Mimi nabaki na baiskeli zilizopinduliwa magurudumu juu. Kuna siku, wallahi, sauti yangu mwenyewe naisikia kwa mara ya kwanza saa kumi jioni, nikimfokea kuku wa jirani.

Mwezi wa saba akaja Valentino. Ni mzee wa miaka sitini na sita, katekista wa Wakatoliki, mwembamba kama spoku, kofia ya ukindu kichwani na mkoba wa vitabu begani. Kazi yake ni kuzungukia vigango, vile vikanisa vidogo vya vijijini ambako padri hafiki ila mara chache, na baiskeli yake ni ya parokia. Alipata pancha mita mia mbili kutoka kwangu. Akaja akiisukuma, akaniamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, nami nikaitikia, akafurahi kweli kweli kusikia Mwarabu anaitikia vizuri. Nikamwambia huyu Mwarabu kazaliwa Tabora, na babu yake kazaliwa Tabora, na mlenda anaula kuliko yeye. Alicheka mpaka akakaa chini.

Akakaa, dada. Ndilo ninalotaka ulielewe. Hakusema nakuja. Alikaa kwenye dumu langu tupu saa nzima, akanishikia beseni kama ulivyokuwa ukinishikia wewe, akitazama mapovu. Akanihadithia habari za nyuki wake, maana ana mizinga kumi na minne, na za mkewe anayemkataza kuimba sauti ya pili kwa kuwa hana sauti ya pili. Adhuhuri ilipoingia nikaenda kuswali nyuma ya kibanda, yeye akanilindia vyombo, na nilipotoka nikakuta amempokea mteja na kumwambia mwenye duka yuko kwa Mungu, anarudi. Na kabla hajaondoka akaniuliza kama nimekula. Mara ya mwisho kuulizwa neno hilo ilikuwa Mwanajuma bado yuko hai. Nikamdanganya kwamba nimekula, kisha nikageuza uso nikajifanya natafuta spana.

Sasa unaikumbuka kazi ya baba. Ukishaziba tyubu hujamaliza. Kabla hujairudisha, unapitisha kitambaa laini ndani ya tairi, mara mbili, kwanza kulia kisha kushoto, na pale uzi utakaponasa ndipo mwiba ulipo. Baba alitumia mtandio wa hariri wa mama, baada ya mama kuondoka duniani, na alikuwa akisema fundi anayeziba tyubu akauacha mwiba ndani ni mwizi. Wewe uliposafiri tuliukata nusu kwa nusu kwa mkasi. Wewe ukachukua upande wenye matamvua, mimi huu usio na kitu, na nilipoanza kuutumia kazini ulininunia mwezi mzima. Lakini dada, vidole vyangu siku hizi vina sugu, havisikii. Mtandio wa mama ndio unaosikia.

Siku ile ya kwanza, kwa kucheka na kupiga soga, nilisahau kuupitisha. Nakuapia ilikuwa ni kusahau. Kesho yake nikamwona Valentino anarudi akiisukuma tena, na badala ya kuona aibu ya fundi nikajikuta nimesimama, natabasamu, nalifuta vumbi lile dumu. Akakaa tena. Siku hiyo alikuja na karanga za kuchemsha, tukala pamoja kwenye kawa moja. Nikaupitisha mtandio, nikautoa mwiba, kazi ikawa safi.

Na baada ya hapo ndipo nilipojua kosa la kuwa fundi mzuri. Wiki mbili alipita kila asubuhi akipiga kengele, akinipungia kofia, akipaza sauti kwamba leo anachelewa ibada. Sikuwa na neno la kumshika. Ungesema kwa nini usimwite tu, Badar, ukamwambia kaa tunywe kahawa. Ndiyo, sasa hivi naliona ni jambo dogo. Lakini mtu akishakaa miaka miwili bila kumwita mtu, mdomo unakuwa mzito. Niliogopa aseme ana haraka, na haraka kweli alikuwa nayo, watu walikuwa wanamngoja.

Mwezi wa nane, mwishoni, akapata pancha nyingine ya haki, akaja. Nikaziba. Nikaupitisha mtandio, uzi ukanasa. Nikauona mwiba, kichwa chake kimeingia kwenye mpira. Valentino alikuwa ananihadithia jinsi paroko alivyoumwa na nyuki wake, na mimi, dada, nikachukua koleo nikaukata mwiba ule ubaki mfupi kama punje ya mchele, umezama ndani ya tairi. Mwiba wa hivyo hautoboi leo. Unasukumwa polepole na uzito wa mtu, siku tano, siku sita, halafu unafika. Hata mtandio ukiupitisha juu yake haunasi. Nikarudisha tyubu, nikajaza upepo, nikalipigapiga tandiko la baiskeli nikamwambia safari njema.

Astaghfirullah. Sijui shetani gani, na sitaki kumsingizia shetani. Mkono ulikuwa wangu.

Siku ya sita alirudi akiisukuma. Tukakaa saa nzima. Nikauacha mwingine. Miiba haikunipa tabu, barabara nzima imejaa, na yeye hakuwahi kunitazama mikono, alikuwa ananitazama usoni kwa kuwa alikuwa anaongea na mimi. Mpaka mwezi wa kumi unaelekea kwisha alikuwa amepata pancha nane. Tatu za kwanza, mbili ni za barabara na moja ya kusahau kwangu. Tano zilizobaki ni za makusudi. Watu wa Kwihara wakaanza kumtania. Justus muuza mkaa, anayeabudu naye, akamwambia baiskeli yake imeingiliwa na pepo, aibatize. Valentino alicheka, lakini niliona safari ile kicheko hakikufika machoni. Aliniuliza kwa upole kama tairi limezeeka. Nikamwambia tairi ni zima. Hilo lilikuwa kweli.

Ya nane ndiyo iliyoniua. Dada yake mkubwa, Imakulata, alikuwa mgonjwa kijiji kimoja kabla ya kufika Isikizya. Huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa, kama wewe ulivyonilea mimi. Asubuhi akapigiwa simu kwamba Imakulata amezidiwa na anamtaja yeye. Akaondoka hapo hapo kwa baiskeli, bila wasiwasi wowote, kwa kuwa siku nne tu zilizopita nilikuwa nimeiziba mimi. Alinipita hapa akikanyaga kwa nguvu zote, akanipigia kelele nimwombee dada yake. Nikanyanyua mikono nikamwombea. Na nilipokuwa nimenyanyua mikono ndipo nilipokumbuka kilichomo ndani ya tairi la nyuma.

Nilimwita. Niliita mpaka sauti ikakauka, nikakimbia na miguu hii yangu hadi kwenye kona, na vumbi lake lilikuwa limeshatulia. Simu nilipiga, hakupokea, huwa anaizima akiwa njiani.

Mwiba ulifika katikati ya pori. Hakuna fundi, hakuna nyumba, mtandao hakuna. Pikipiki mbili zilimpita, zote zimepakia. Aliisukuma baiskeli kwa muda wa saa tatu kwenye jua, na mzee yule ni wa kusema hawezi kuitupa mali ya parokia. Alifika saa saba. Imakulata alikuwa amekata roho saa tano na nusu. Walimwambia Valentino kwamba tangu alfajiri dada yake alikuwa akiuliza jambo moja tu, kama Valentino amefika, nao wakimjibu yuko njiani.

Baada ya maziko alirudi akiwa amepandishwa kwenye lori, baiskeli juu, tairi limelala. Akaniletea niizibe. Hakunilaumu hata kwa jicho. Aliniambia pole, eti mimi, kwa kazi ya bure aliyonipa miezi hii yote. Nikaziba. Ule mwiba niliutoa, nikalipekua tairi zima kwa mtandio mara nne, mwiba nikaufunga kwenye kipande cha karatasi nikautia mfukoni. Na yeye huku ameinama akaniambia ameelewa. Pancha nane kwa miezi mitatu, na ya mwisho kumnyima nafasi ya kumuaga Imakulata. Alisema Mungu alikuwa anamwambia mapema akae chini na yeye akawa mbishi hasikii. Kwa hiyo Jumapili inayofuata atamrudishia paroko mkoba na baiskeli. Miaka thelathini na moja ya kazi, dada. Na vigango vile, wazee wa kule, watoto wanaofundishwa sala na yeye, basi.

Nikakaa na hilo siku tatu. Nikijua kwamba nikinyamaza ataacha kazi yake na kuishi akiamini Mungu wake amemkataa, na wala hatapita tena barabara hii, kwa hiyo nitampoteza. Na nikisema nitampoteza. Nilijaribu kujidanganya kwamba amezeeka, apumzike tu. Ukweli ni kwamba miguu yake ina nguvu kuliko yangu.

Jumamosi akaja kwa miguu yake mwenyewe kuniaga, baiskeli mkononi, ameiosha ili airudishe. Akaniletea chupa ya asali ya mizinga yake, akasema ni ahsante kwa kumhudumia. Ile chupa ndiyo iliyonivunja. Nikamwambia akae. Akakaa kwenye dumu. Nikamweleza yote, kama ninavyokueleza wewe, la kusahau na lile la koleo na zile tano. Nikamwambia Mungu hakusema kitu, Valentino, ni mimi. Sikuwa na mtu wa kukaa naye.

Hakuelewa mara ya kwanza. Akaniomba nirudie, nikarudia. Nikatoa karatasi mfukoni nikaufungua mwiba kwenye kiganja changu. Akauinamia. Kisha akaniuliza jambo moja, kama huo ndio wa Imakulata. Nikasema ndiyo. Akauchukua kwa vidole viwili, akautia mfuko wa shati pamoja na rozari yake. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi kama angenipiga. Alinyanyuka tu, akashika baiskeli.

Nikamwambia angoje. Nikamkabidhi mtandio wa mama. Nikamwonyesha, kulia kisha kushoto, na ukinasa hapo ndipo, na kama tairi lina kitu kifupi alikunje kwa vidole kitajitokeza, ili asihitaji kumwamini fundi yeyote tena barabara hii. Aliupokea kwa mikono miwili, akaukunja vizuri. Akashika tena baiskeli. Tairi lilikuwa limejaa upepo pomoni, dada, lakini hakuipanda. Aliisukuma mpaka nikaacha kumwona.

Jumapili jioni Justus akanipitia akaniambia Valentino alisimama kanisani, watu wakijua anaaga, akatangaza tu ratiba ya vigango vya wiki hiyo, kama kawaida. Sababu hakutoa, na jina langu hakulitaja. Nilimshukuru Mungu mpaka nikalia mbele ya Justus, naye akadhani ni mambo ya Mwanajuma.

Sasa ni wiki ya tatu. Anapita kila siku, asubuhi na alasiri. Hapigi kengele, hanitazami. Mimi nasimama kila akipita, nimevua kofia, na akishapita nakaa. Asali yake iko pale kwenye rafu, sijaifungua, sioni kama ni yangu. Tairi lake ni zima. Nalisikiliza likipita, halina hata mlio.

Kwa hiyo, dada yangu, umeniuliza nina nani huku, na jibu ni kwamba sina. Najua utasema basi njoo, na najua sebule yako imejaa watu, na hicho ndicho nilichokosa mimi. Lakini nikiondoka sasa atapita hapa akute dumu tupu, na atajua nimemkimbia. Huenda hatasimama kamwe. Ni haki yake. Ila siku akitaka kuja kunitukana, au siku barabara ikimpa pancha ya haki, nataka anikute nimekaa.

Tiketi usinitumie. Nitumie ule upande wako wa mtandio, wenye matamvua, ukate hata robo tu umpe mtu anayekuja huku. Nimebaki na vidole vyangu hivi visivyosikia, na baiskeli za watu bado zinaletwa.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto wote kwa majina yao, na yule mjukuu mdogo mwambie babu yake wa Tabora anamdai picha. Nisamehe kwa niliyoyatenda kwa kitu cha mama. Ukinipigia usiniweke kwenye spika.

Ni mimi ndugu yako,
Badar bin Darwesh